Kanuni na taratibu za darasa katika shule ya msingi

Kanuni za darasa ni maagano mafupi yanayoeleza mwenendo unaotakiwa kwa wanafunzi na mwalimu wao wanapokuwa darasani. Taratibu za darasa ni hatua zinazorudiwa kila siku ili shughuli za kawaida zifanyike bila kupoteza muda, kwa mfano kuingia darasani, kuitika majina, kugawa vitabu, kuomba ruhusa ya kwenda chooni na kumaliza kipindi. Kanuni hueleza namna ya kuishi pamoja; taratibu hueleza namna ya kutenda jambo fulani.

Makala hii inaangalia hasa shule za msingi za wilaya ya Lushoto na Milima ya Usambara katika mkoa wa Tanga, kaskazini-mashariki mwa Tanzania.

## Mazingira

Mji wa Lushoto uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Vijiji vingi vimetawanyika kwenye miteremko, na wanafunzi wengi huenda shuleni kwa miguu. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia huwa na utelezi. Kuanzia Juni hadi Agosti kuna baridi na ukungu wa asubuhi. Kabla ya kuondoka nyumbani watoto wengi huchota maji au kukata majani ya ng'ombe, na siku ya gulio wengine husaidia kubeba mboga na matunda.

Lugha pia ina uzito wake. Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, lakini watoto wengi wa Usambara huanza kuzungumza kwa Kisambaa, na baadhi yao kwa Kipare au Kimbugu. Mwanafunzi wa darasa la kwanza anayebaki amesimama baada ya kuambiwa "pangeni mstari" huenda si mkaidi, bali hajaelewa maneno hayo.

## Historia

Shule za kwanza za kisasa milimani zilianzishwa na wamisionari. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifungua kituo chao Mlalo mwaka 1891. Katika shule za aina hiyo siku iligawanywa kwa kengele, na utaratibu huo ulibaki chini ya Wajerumani, Waingereza na serikali huru.

Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko la *Elimu ya Kujitegemea*. Lilitaka shule iwe jumuiya inayofanya kazi, na wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shamba na kazi zao. Wazo hilo linahusu kanuni za darasa pia, kwa sababu anayeshiriki kupanga jambo hulielewa zaidi kuliko anayesomewa tu.

Kufutwa kwa ada ya shule za msingi mwaka 2001 kuliongeza sana idadi ya wanafunzi. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa, lakini madarasa mengi yana zaidi. Darasa linapokuwa kubwa, taratibu zinazoeleweka huhitajika zaidi.

## Taratibu za siku

Katika shule nyingi siku huanza kwa usafi wa mazingira, ambapo kila kundi lina eneo lake la kufagia au kumwagilia. Kengele, ambayo mara nyingi ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, huwaita wanafunzi mstarini. Hapo huimbwa wimbo wa taifa, mwalimu wa zamu hukagua kucha, nywele na sare, na matangazo hutolewa. Kisha wanafunzi huingia darasani na mwalimu huita majina kwa daftari la mahudhurio. Kila mwalimu anapoingia, darasa husimama na kumwamkia "Shikamoo", naye hujibu "Marahaba".

Kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30, na kuanzia darasa la tatu ni dakika 40. Ikiwa kugawa vitabu na kutafuta penseli kunachukua dakika 10, theluthi ya kipindi cha watoto wadogo imekwisha kabla ya somo. Kwa hiyo ni vema kila dawati liwe na mtoto mmoja wa zamu anayechukua na kurudisha vitabu, na zamu ibadilishwe kila wiki.

## Kuweka kanuni

Wiki ya kwanza ya mwaka wa masomo, unaoanza Januari, ndiyo wakati mzuri wa kuweka kanuni. Kanuni zinazofaa huwa na sifa hizi:

* Ni chache, nne hadi sita, ili mtoto aweze kuzikumbuka bila kusoma ukutani.
* Zinasema la kutenda. "Tunatembea ndani ya darasa" inaeleweka zaidi kuliko "Usikimbie".
* Zina sababu inayojulikana. "Mmoja anaposema wengine tunasikiliza, ili kila mtu asikike."
* Zinamhusu mwalimu pia. Mwalimu anayechelewa kipindi hawezi kuitetea kanuni ya kuwahi.
* Zinalingana na maisha ya watoto wanaotakiwa kuzifuata.

Sifa ya mwisho husahauliwa mara nyingi. Kanuni ya kuwahi ni ya lazima, lakini mtoto aliyeteleza njiani asubuhi ya mvua hayuko sawa na aliyekuwa akicheza. Wote wakiadhibiwa nje wakati wenzao wanasoma, wote hukosa somo la kwanza. Mtoto mwingine akijua amechelewa hujificha njiani hadi saa ya kurudi nyumbani, na hapo kuchelewa kumezaa utoro. Utaratibu ulio bora ni huu: anayechelewa aingie kimya, akae, aanze kazi, na mwalimu amsikilize wakati wa mapumziko. Akirudia mara kwa mara, mzazi aitwe, na ikibidi suala lifike kwenye kamati ya shule.

## Kufundisha taratibu

Utaratibu hufundishwa kama somo. Mwalimu huueleza, huonyesha mwenyewe, wanafunzi hujaribu, kisha hurudia hadi uwe mazoea. Katika darasa la kwanza maneno ya amri yanaweza kuambatana na ishara ya mkono au wimbo mfupi, na mara za mwanzo yakaelezwa kwa Kisambaa pia. Baada ya likizo ni lazima kukumbushana.

Kiranja wa darasa husaidia mwalimu asipokuwepo. Hata hivyo, desturi ya kumwachia aandike ubaoni majina ya wapiga kelele ina kasoro: humruhusu kumficha rafiki na kumkomoa asiyempenda. Kazi iliyoandikwa ubaoni hutuliza darasa zaidi ya orodha ya majina.

## Adhabu ya viboko

Kanuni za mwaka 2002 zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978 zinaruhusu viboko kwa makosa makubwa ya nidhamu tu. Mwenye mamlaka ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi. Viboko visizidi 4, kila adhabu iandikwe, na mwanafunzi wa kike aadhibiwe na mwalimu wa kike kama yupo shuleni. Kukosea hesabu, kusahau kalamu au kunong'ona darasani si makosa ya aina hiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza mateso na adhabu za kikatili.

Jirani, Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Nchini Uganda, utafiti katika shule 42 za msingi za wilaya ya Luwero, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba vipigo kutoka kwa walimu vilipungua sana pale ambapo walimu, wanafunzi na wazazi walishirikiana kupanga mwenendo wa shule.

## Wanafunzi wenye ulemavu

Irente, karibu na mji wa Lushoto, kuna shule ya msingi ya wasioona inayoendeshwa na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Kwa mtoto asiyeona, utaratibu ni usalama. Madawati hubaki mahali pake, mlango huwa wazi kabisa au umefungwa kabisa, na anayezungumza hutaja jina lake kwanza. Kitu kikihamishwa, darasa zima huambiwa. Taratibu hizo zinafaa pia katika shule ya kawaida yenye mwanafunzi mwenye uoni hafifu, akiwemo mwenye ualbino, ambaye huhitaji kukaa mbele karibu na ubao, mbali na mwanga mkali wa dirisha.