Uganda: Korongo-nyangumi wa Mabamba na wapiga picha wa ndege

Kupiga picha za ndege wa porini ni burudani inayodai mambo matatu: kuwajua ndege, kuijua kamera na kujua umbali unaofaa kusimama. Nchini Uganda, ambako zaidi ya aina 1,000 za ndege zimeorodheshwa, uzito wa jambo hilo la tatu unaonekana wazi katika kinamasi cha Mabamba, kandokando ya Ziwa Viktoria, magharibi mwa rasi ya Entebbe. Wapiga picha wengi wanaofika hapo humtafuta ndege mmoja tu: korongo-nyangumi.

Ndege mwenyewe

Korongo-nyangumi ni ndege wa rangi ya kijivu, mwenye kimo kinachozidi mita moja na mdomo mpana unaofanana na kiatu cha mti, wenye ndoana kwenye ncha. Ingawa huitwa korongo, uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba udugu wake wa karibu ni na mwari na fundichuma. Huishi katika vinamasi vya mafunjo kuanzia Sudan Kusini hadi Zambia, na chakula anachokipenda zaidi ni kamongo, samaki anayelazimika kupanda juu ya maji ili avute pumzi. Ndege huyu husimama kimya kwa muda mrefu akingoja, kisha hujitupa mzima mzima juu ya windo lake. Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, limemweka katika kundi la viumbe walio hatarini, na idadi yake duniani kote hukadiriwa kuwa maelfu machache tu.

Kutoka mkosi hadi riziki

Kamongo ni windo la wavuvi wa Mabamba pia. Kwa miaka mingi wavuvi wengi waliamini kwamba kumwona korongo-nyangumi alfajiri ni dalili ya kurudi nyumbani mikono mitupu, na baadhi yao walimuua ili kuondoa mkosi. Wageni wenye kamera walipoanza kuwasili, hesabu ilibadilika. Mvuvi mwenye mtumbwi, anayeijua mifereji ya kinamasi na mahali ndege anapopenda kusimama, alipata kipato kipya cha kuwaongoza wageni. Mwaka 2006 eneo hilo, lenye ukubwa wa takriban hekta 2,400, liliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Ndege aliyekuwa akifukuzwa sasa analindwa na wale wale waliokuwa wakimwogopa.

Kamera ndani ya mtumbwi

Burudani hii ilianza kwa kujificha. Nchini Uingereza, ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, walipiga picha ya kiota chenye mayai mwaka 1892, na baadaye walijificha ndani ya ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa mfano wa ng'ombe hai ili wawakaribie ndege. Siku hizi lenzi ndefu, ya milimita 400 hadi 600, hufanya kazi ile ile bila mtu kumsogelea ndege.

Mtumbwi una masharti yake. Kigoda cha miguu mitatu hakifai, kwa kuwa hutikisika pamoja na chombo. Wengi hushika kamera mkononi au kuiegemeza juu ya mfuko mdogo uliojazwa maharagwe. Ndege akiwa ametulia, shata ya kasi ya wastani yatosha. Akijitupa juu ya samaki au akiruka, hutakiwa 1/2000 ya sekunde au zaidi, la sivyo mabawa hutoka yamefifia. Saa za mapema asubuhi ndizo bora, kwa sababu jua likipanda, joto hutetemesha hewa juu ya maji na picha ya mbali hupoteza ukali wake hata kama lenzi ni ya bei kubwa.

Hatari iliyomo katika picha

Kamera iliyomletea ndege huyu ulinzi yaweza pia kumdhuru. Korongo-nyangumi hujenga kiota juu ya mimea inayoelea, hutaga mayai mawili kwa kawaida, na aghalabu ni kinda mmoja tu anayekua hadi kuruka, baada ya kulelewa kwa zaidi ya miezi mitatu. Wakati wa jua kali wazazi huchota maji kwa mdomo na kuyamwaga juu ya mayai ili yapoe. Mtumbwi unaosogea karibu mno humwondoa mzazi kiotoni, na muda huo mayai au kinda hubaki juani. Kumpoteza kinda huyo ni kupoteza uzazi wa msimu mzima.

Hatari nyingine haionekani kwenye picha yenyewe. Simu na kamera nyingi huhifadhi ndani ya faili mahali hasa picha ilipopigwa. Makinda wa ndege huyu hutafutwa na wafanyabiashara haramu wa wanyama hai, na picha ya kiota iliyosambazwa pamoja na taarifa hizo yaweza kuwa ramani yao. Kwa sababu hiyo wapiga picha waangalifu hufuta taarifa za mahali kabla ya kuituma picha, na hutaja jina la wilaya au la nchi tu.

Kanuni zinazofuatwa na wengi ni chache: kumwachia kiongozi wa mtumbwi uamuzi wa umbali, kutomlipa nyongeza ili asogee karibu, kutokata mafunjo kusafisha mandhari, kutorusha droni, na kuondoka mara ndege anapoanza kuinua kichwa na kuacha kuwinda. Picha ikiwa na tarehe sahihi huwafaa pia watafiti, ambao huzipokea kupitia hifadhidata za umma kama eBird na kuzitumia kufuatilia mahali aina mbalimbali zinapoonekana.

Korongo-nyangumi huonekana pia katika nchi nyingine za ukanda huu, zikiwemo Rwanda, katika vinamasi vya Akagera, na Tanzania, katika ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi. Huko nako wavuvi na ndege hugawana maji yale yale, na kamera inapofika, jambo la kwanza la kuuliza ni nani atakayenufaika na ziara hiyo na ni kwa umbali gani ndege ataachwa aendelee na uwindaji wake.