Mtoto wa jicho kwa watoto: upasuaji, lenzi bandia na mambo ambayo mzazi anapaswa kujua

Je, mboni ya jicho la mtoto wako inaonekana nyeupe au ya kijivu? Je, mtoto hakufuati kwa macho unapomsogelea? Makala hii ni kwa wazazi na walezi wanaoishi katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda. Inaeleza mtoto wa jicho ni nini, upasuaji unafanyikaje, na kwa nini hupaswi kusubiri.

Mtoto wa jicho ni nini?

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi. Lenzi ya kawaida ni angavu kama maji safi, na mwanga hupita ndani yake hadi nyuma ya jicho. Lenzi ikipata ukungu, mwanga unazuiwa. Ukungu huo ndio unaoitwa mtoto wa jicho.

Watu wengi wanaujua kama ugonjwa wa wazee, lakini mtoto anaweza kuzaliwa nao au kuupata akiwa mdogo. Sababu zinazojulikana ni hizi:

- kurithi kutoka kwa wazazi;
- mama kuugua rubella wakati wa ujauzito;
- jicho kuumia, kwa mfano kwa kuchomwa na kijiti au kupigwa na jiwe;
- kutumia dawa za steroidi kwa muda mrefu;
- baadhi ya magonjwa ya kuzaliwa nayo.

Kwa watoto wengi sababu haijulikani kabisa. Mama hana kosa, na ugonjwa huu hautokani na uchawi.

Dalili ni zipi?

- Mboni nyeupe au ya kijivu, hasa ikionekana kwenye mwanga au kwenye picha ya simu.
- Mtoto wa miezi 3 haangalii uso wako wala hafuati kitu kinachosogea.
- Macho yanachezacheza bila kutulia.
- Makengeza.
- Mtoto mkubwa anashika vitu karibu sana na uso, anajikwaa, au haoni ubao shuleni.

Onyo: mboni nyeupe inaweza pia kuwa dalili ya saratani ya jicho ya watoto, ambayo inaweza kuua isipotibiwa. Huwezi kutofautisha magonjwa haya mawili nyumbani. Kwa hiyo kila mtoto mwenye mboni nyeupe apelekwe kituo cha afya mara moja, hata kama hana maumivu.

Kwa nini haraka?

Mtoto hazaliwi akiwa anajua kuona. Ubongo wake hujifunza kuona katika miezi na miaka ya kwanza, kwa kupokea picha safi kutoka kwenye macho yote mawili. Picha zisipofika, ubongo unaacha kulitumia jicho hilo. Baadaye hata lenzi ikisafishwa, jicho linakuwa zima lakini ubongo hausomi kinachoonekana. Hali hii huitwa jicho vivu.

Mtoto aliyezaliwa na ukungu mzito hupata nafuu kubwa zaidi akipasuliwa ndani ya wiki 6 hadi 10 za kwanza. Kama ni jicho moja tu, muda ni mfupi zaidi, kwa sababu ubongo unazoea kutumia lile jicho zima. Hata hivyo, kama mtoto wako ameshapita umri huo, usikate tamaa. Upasuaji wa kuchelewa bado unaweza kumwezesha kutembea bila kuongozwa, kutambua nyuso na kusoma maandishi makubwa.

Hakuna matone wala miti shamba inayoondoa ukungu huu. Usiweke majani, maziwa ya mama au mkojo ndani ya jicho, kwa sababu vinaweza kuleta maambukizi na kuharibu jicho kabisa.

Upasuaji unafanyikaje?

Mtoto hupewa nusukaputi, yaani dawa ya kulala usingizi mzito, kwa hiyo hasikii maumivu. Utaelekezwa asile kwa saa kadhaa kabla. Mara nyingi ni saa 6 kwa chakula na saa 4 kwa maziwa ya mama. Usimpe kitu kwa kumwonea huruma, kwa sababu akitapika usingizini anaweza kupaliwa na kupoteza uhai.

Daktari hufungua tundu dogo kwenye jicho na kutoa lenzi yenye ukungu. Jicho halitolewi nje, kinyume na yale ambayo baadhi ya watu husimulia. Kisha, kwa watoto wengi wenye umri wa miaka 2 au zaidi, huweka lenzi bandia mahali pake. Ni kipande angavu cha plastiki maalumu chenye upana wa milimita 6 hivi. Hakionekani kwa nje, hakitolewi kusafishwa, na kimetengenezwa kikae humo maisha yote.

Lenzi ya kwanza ya aina hii iliwekwa na daktari Harold Ridley mjini London mwaka 1949. Alikuwa ameona kwamba vipande vya plastiki vya madirisha ya ndege vilivyoingia kwenye macho ya marubani wa vita havikuyadhuru macho hayo.

Kwa nini mtoto mchanga anaweza kurudi bila lenzi?

Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa milimita 17 hivi, na la mtu mzima hufikia 23 au 24. Lenzi bandia haikui pamoja na jicho. Utafiti uliofanyika Marekani ulifuatilia watoto 114 waliopasuliwa jicho moja kabla ya kufikisha miezi 7. Walipofika miaka 4 na nusu, waliowekewa lenzi bandia hawakuona vizuri kuliko waliotumia lenzi za kuvaa juu ya jicho, na walirudishwa kwenye upasuaji mara nyingi zaidi.

Ndiyo maana madaktari wengi humpa mtoto mchanga miwani minene au lenzi za kuvaa kwanza, na kumwekea lenzi bandia akishakua. Ukiambiwa hivyo, hujanyimwa huduma.

Baada ya upasuaji

Upasuaji ni nusu ya kazi. Nusu nyingine iko mikononi mwako.

- Matone: weka kila siku kama ulivyoelekezwa, hata jicho likionekana limepona. Nawa mikono kwanza.
- Kinga: hakikisha mtoto halisugui jicho. Usiondoe kifuniko kabla ya muda.
- Miwani: karibu watoto wote wanaihitaji, hata wenye lenzi bandia, kwa sababu lenzi hiyo haiwezi kujirekebisha kuona karibu na mbali. Miwani hubadilishwa mtoto anapokua.
- Kuziba jicho zima: daktari anaweza kukuagiza uzibe jicho zuri kwa saa kadhaa kila siku ili lile vivu lifanye kazi. Mtoto atalia na kulibandua. Endelea kwa upole.
- Kurudi kliniki: ukungu unaweza kurudi nyuma ya lenzi, na shinikizo la jicho linaweza kupanda hata baada ya miaka. Yote mawili hutibika yakigunduliwa mapema.

Rudi siku hiyo hiyo ukiona jicho jekundu zaidi, usaha, kope kuvimba, maumivu, au mtoto kuacha ghafla kuona.

Uanzie wapi?

Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, au mweleze VHT wa kijiji chako. Nchini Uganda wakimbizi wanatibiwa katika vituo vya afya vya serikali kama raia. Omba barua ya rufaa kwenda kwa mtaalamu wa macho. Upasuaji wa macho ya watoto unahitaji hospitali kubwa, kwa mfano Ruharo mjini Mbarara kwa wanaoishi upande wa Nakivale, au Mulago na Mengo mjini Kampala. Hospitali za mashirika ya dini zinaweza kutoza ada, kwa hiyo uliza kabla ya kusafiri kama kuna msaada wa gharama na usafiri.

Beba barua ya rufaa, hati ya familia, kadi ya chanjo na dawa anazotumia mtoto. Kama hujui Kiingereza wala Runyankore, omba mkalimani kabla ya kutia saini fomu ya kukubali upasuaji. Una haki ya kuelewa unachokisaini. Muulize daktari: Je, atawekewa lenzi sasa au baadaye? Miwani tutaipata wapi? Tarudi lini?

Barua ya rufaa haiuzwi. Mtu akikudai pesa ili akupe, toa taarifa kwenye dawati la malalamiko la makazi yako.

Je, inaweza kuzuiwa?

Si mara zote. Lakini chanjo ya surua na rubella, inayotolewa bure kwa watoto, hupunguza rubella katika jamii na hivyo kuwalinda akina mama wajawazito. Na kila mtoto mchanga aangaliwe macho mapema. Kama umeona weupe kwenye mboni, usingoje siku ya kliniki. Nenda leo.