Bastola ndogo za kiunoni: Glock, CZ, Browning, Makarov na SIG Sauer zinatofautiana wapi?

Mfanyabiashara anayefunga duka jioni katika mtaa wa Jabe na kurudi nyumbani na mauzo ya siku, mlinzi wa ghala, afisa aliyestaafu: hao ndio mara nyingi huuliza kuhusu bastola ndogo ya kubeba kila siku, na ipi ni bora. Swali hilo lina sehemu mbili ambazo watu hupenda kuzitenganisha: chombo chenyewe, na ruhusa ya kukibeba. Makala haya yanaeleza chapa zinazotajwa zaidi katika ukanda wetu, tofauti zake halisi, na mambo ambayo sheria ya Burundi na ya majirani zake inayadai kabla mtu hajaigusa yoyote kati yake.

Bastola ya nusu otomatiki ni ipi?

Ni bastola ambayo kila kifyatulio kinapovutwa hutoka risasi moja tu. Nguvu ya mlipuko huirudisha nyuma sehemu ya juu ya bastola, ganda tupu likatemwa, kisha springi ikairejesha mbele na kupakia risasi nyingine kutoka kwenye magazini iliyo ndani ya mpini. Kwa hiyo mpigaji hahitaji kupakia kwa mkono baada ya kila mlio. Hapo ndipo urahisi wake ulipo, na hapo pia ndipo hatari yake ilipo: baada ya mlio mmoja, chombo kiko tayari kwa wa pili.

Zinapoitwa ndogo, husemwa zile ambazo mtutu wake ni wa takriban sentimita 8 hadi 10, zinazoweza kuvaliwa kiunoni chini ya shati au koti. Bastola za kijeshi za ukubwa kamili huwa na mtutu wa sentimita 11 au zaidi.

Glock 19: wepesi bila kizuizi cha nje

Kampuni ya Glock ya Austria iliingia katika soko la bastola mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale jeshi la nchi hiyo lilipoichagua Glock 17. Mwaka 1988 ilitoka Glock 19, toleo fupi zaidi, ambalo leo ndilo kipimo ambacho chapa nyingine hulinganishwa nacho. Mtutu wake ni wa milimita 102, magazini hubeba risasi 15 za milimita 9, na uzito wake pamoja na magazini tupu haufiki gramu 700, kwa sababu fremu yake ni ya plastiki ngumu badala ya chuma.

Glock haina kizuizi cha usalama kinachosukumwa kwa kidole gumba. Vizuizi vyake vitatu viko ndani na kwenye kifyatulio chenyewe, navyo hufunguka vyote kidole kinapokivuta. Wanaoisifu husema hakuna cha kusahau wakati wa hatari. Wanaoihofia husema hakuna cha kukuokoa wakati wa uzembe. Wote wawili wana hoja. Kuna jambo la tatu ambalo wanunuzi wapya hawaambiwi mara nyingi: ili kuifungua kwa kuisafisha, lazima kwanza kifyatulio kivutwe. Aliyetoa magazini akadhani bastola ni tupu, ilhali risasi moja imebaki ndani ya mtutu, huifyatua mikononi mwake.

CZ: jina ambalo Kenya imelifanya lake

Anayefuatilia habari za Kenya amelisikia neno "Ceska" mara nyingi kuliko jina la bastola nyingine yoyote. Neno hilo limetokana na Česká zbrojovka, yaani kiwanda cha silaha cha Kicheki, kilichoanzishwa mwaka 1936 katika mji wa Uherský Brod. Mwaka 1975 ndugu wawili, Josef na František Koucký, walibuni CZ 75, bastola ya chuma yenye mpini unaojaa vizuri mkononi. Muundo wake umeigwa na viwanda vingi. Jericho ya Israeli ni miongoni mwa watoto wake.

CZ 75 ya ukubwa kamili ina uzito wa karibu kilo moja. Toleo lake fupi hupunguza urefu lakini bado ni chuma, na mvaaji wa kutwa nzima huuhisi uzito huo. Uzito huo pia una faida yake: bastola nzito hurukaruka kidogo inapopigwa, na mpigaji asiye na mazoezi mengi hulenga vizuri zaidi. Risasi ya kwanza ya CZ 75 inaweza kupigwa nyundo ikiwa imelala, kwa mvuto mrefu na mzito wa kifyatulio. Zinazofuata huwa na mvuto mfupi na mwepesi. Mvuto ule mrefu wa kwanza ni aina ya tahadhari, ingawa unamtaka mtu ajizoeze mivuto miwili tofauti.

Mwaka 2017 kiwanda hicho kilitoa P-10 C, ambayo inakaribiana sana na Glock 19: fremu ya plastiki, mtutu wa milimita 102, risasi 15, bila nyundo ya nje. Aliyeizoea moja hatapata shida na nyingine, na hatari zake ni zilezile.

Browning: urithi wa Ubelgiji

Katika nchi zilizokuwa chini ya Ubelgiji, bastola iliyojulikana zaidi kwa miongo mingi ilikuwa Browning ya kiwanda cha FN cha Herstal. John Browning, Mmarekani aliyeianza, alifariki mwaka 1926. Mbelgiji Dieudonné Saive akaikamilisha, ikatoka mwaka 1935. Ilibeba risasi 13 wakati bastola nyingi za zama hizo zilibeba 7 au 8. FN ilisitisha kuitengeneza mwaka 2018, kisha ikatoa toleo jipya mwaka 2022.

Hii si bastola ndogo kwa vipimo vya leo, lakini ni nyembamba. Nyundo yake lazima ivutwe nyuma kabla ya risasi ya kwanza. Anayeibeba ikiwa tayari huitegemea nyundo iliyosimama na kizuizi kidogo cha pembeni, jambo linalotaka mafunzo. Ina sifa moja ambayo Glock haina: magazini ikitolewa, haifyatuki. Ndiyo maana mtu aliyefundishwa kwa Browning akihamia Glock huhitaji kujifunza upya tabia ya kukagua mtutu.

Makarov na Tokarev: za zamani, lakini bado zipo

Makarov ya Kisovieti, iliyopokewa jeshini mwaka 1951, ni fupi kuliko zote zilizotajwa hapo juu: ina urefu wa sentimita 16 hivi, uzito wa gramu 730 na risasi 8. Ni sahili, hustahimili vumbi, na kizuizi chake cha pembeni huilaza nyundo bila kufyatua. Tokarev, iliyotangulia, ni bapa na yenye risasi kali ya milimita 7.62, lakini toleo lake la asili halina kizuizi cha usalama cha kawaida. Kuibeba ikiwa na risasi mtutuni ni kujitafutia balaa. China ilitengeneza nakala za zote mbili, na vita vya ukanda huu vilizisambaza.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Makarov huandikwa "milimita 9", na Glock vilevile, lakini risasi zake si moja. Ya Glock, CZ na Browning ina ganda la milimita 19, na ya Makarov ina ganda la milimita 18 huku kichwa chake kikiwa kinene kidogo. Kuzichanganya kunaweza kukwamisha bastola au kuiharibu.

SIG Sauer: ndogo zaidi, na funzo la 2017

SIG Sauer ilitoa P365 mwaka 2018, yenye mtutu wa milimita 79 tu na uzito wa takriban nusu kilo, lakini yenye risasi 10. Ilionyesha kwamba bastola ya mfukoni haihitaji tena kubeba risasi chache kama zamani. Gharama yake ni kwamba mpini mfupi haukai imara mkononi, na mruko wake ni mkali zaidi.

Ndugu yake mkubwa, P320, alishinda zabuni ya jeshi la Marekani mnamo Januari 2017. Mwezi Agosti mwaka huohuo kampuni ikatangaza mpango wa hiari wa kuirekebisha, baada ya majaribio kuonyesha kwamba bastola hiyo ingeweza kufyatuka ikianguka kwa pembe fulani. Funzo ni kwamba sifa ya chapa haitoshi. Mmiliki anahitaji kujua toleo alilo nalo na kama lilifanyiwa marekebisho, jambo lisilowezekana kwa silaha iliyonunuliwa gizani.

Kwa hiyo ipi ni bora?

Kwa wepesi na wingi wa vipuri, Glock 19 inaongoza, na P-10 C inaifuata kwa karibu. Kwa utulivu wa mkono, CZ 75 ya chuma. Kwa kufichika, P365. Makarov hubaki bastola ya aliye nayo tayari kihalali. Hata hivyo tofauti kati ya chapa hizi ni ndogo kuliko tofauti kati ya mtu anayefanya mazoezi kila mwezi na yule aliyepiga risasi kumi maishani mwake. Mkufunzi yeyote wa kweli atasema hivyo kabla ya kutaja chapa.

Mkoba wa kiunoni nao ni sehemu ya silaha. Bastola isiyo na kizuizi cha nje haipaswi kamwe kuchomekwa kwenye suruali au kutupwa ndani ya mfuko wenye funguo na simu. Mkoba mgumu unaofunika kifyatulio ndio unaoiwezesha kubebwa kwa usalama.

Sheria inasemaje?

Nchini Burundi, silaha ndogo ndogo na nyepesi zinatawaliwa na sheria namba 1/14 ya tarehe 28 Agosti 2009. Ilipitishwa katika kipindi ambacho nchi ilikuwa ikitoka vitani na kuwataka raia warudishe silaha zilizobaki majumbani. Msingi wake ni huu: raia hawi na silaha bila kibali cha mamlaka. Kununua kwa jirani, kuazima kwa ndugu au kurithi kwa marehemu hakuzai haki hiyo.

Burundi pia imo katika Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo ndogo na nyepesi. Itifaki hiyo inazitaka nchi wanachama kuwapiga marufuku raia kumiliki bunduki za otomatiki na za nusu otomatiki, kuzisajili silaha nyingine, na kuzichonga alama zinazoonyesha zilikotoka. Kituo cha kanda kinachoisimamia, RECSA, kiko Nairobi. Bastola haimo katika orodha ya marufuku kamili, lakini haiachwi huru.

Majirani wamebana zaidi miaka ya karibuni. Tanzania ilitunga sheria mpya ya udhibiti wa silaha na risasi mwaka 2015, na mwaka uliofuata ikaendesha uhakiki wa silaha za raia. Kenya, ambako raia wenye vibali ni wengi kuliko kwetu, iliagiza mnamo Desemba 2018 wamiliki wote wahakikiwe upya. Kibali cha nchi moja hakivuki mpaka pamoja na mwenye nacho: Mkenya mwenye Ceska halali Nairobi akishuka Bujumbura nayo bila idhini ya Burundi, ni mtu mwenye silaha haramu.

Wakazi wa Bujumbura hawahitaji kukumbushwa uzito wa jambo hili. Mwezi Novemba 2015 serikali ilitoa muda hadi tarehe 7 kwa wenye silaha zisizo halali kuzisalimisha, na misako ikafuata mitaani. Katika hali kama hiyo, mtu aliye na bastola isiyo na karatasi hana maelezo yatakayosikilizwa, hata kama aliiweka kwa ajili ya kulinda duka tu. Nyumba nzima huingia mashakani pamoja naye.

Ndani ya ua wa Jabe

Nyumba za mitaa yetu zimebanana, na familia kadhaa hushiriki ua mmoja. Risasi ya milimita 9 hupita bati na mlango wa mbao na kumfikia aliyelala upande wa pili. Kwa hiyo hata aliye na kibali anapaswa kujiuliza kama mahali anapoishi panaruhusu kuitumia bila kumdhuru asiyehusika.

Watoto ni jambo la pili. Chini ya godoro, juu ya kabati na ndani ya sanduku la nguo ni mahali ambapo mtoto wa miaka sita hupajua kabla ya mgeni yeyote. Silaha halali hukaa ndani ya kasha la chuma lililofungwa, risasi zikiwa mahali pengine, na ufunguo kwa mtu mmoja.

Ukikuta bastola usiyoijua, iwe ni katika mali ya marehemu, kiwanja kinachochimbwa msingi au chumba ulichopanga, usiiguse wala usijaribu kuitoa magazini. Waondoe watoto, zuia wengine wasipafikie mahali hapo, kisha mwarifu mkuu wa mtaa na polisi ili waje kuichukua hapo ilipo. Kuibeba mwenyewe hadi kituoni, hata kwa nia njema, ni kusafiri na silaha usiyo na kibali chake.