Kuonekana, Kutambuliwa na Kupachikwa: Historia ya Istilahi Tatu

Makala haya yanakusudia kuchunguza kauli inayosikika mara nyingi katika ofisi na shule zetu: "Flashi haitambuliki." Kauli hii ni Kiswahili fasaha, lakini kiistilahi ni pungufu, kwa kuwa inabeba hali tatu zisizofanana. Upungufu huo una hasara. Karani asiyejua ni hali ipi iliyomkuta hudhani kifaa kimekufa, au hukubali kukifomati. Na hapo alama za wanafunzi au hesabu za mwaka mzima hupotea, ingawa huenda zilikuwa salama.

Tuanze na asili ya jambo. Mfumo wa Unix ulianzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani. Kitabu chake cha kwanza cha maelekezo, cha mwaka 1971, tayari kilikuwa na amri ya mount. Siku hizo neno hilo lilitaja kazi ya mikono: mhudumu alichukua tepu au diski na kuiweka juu ya mtambo. Linus Torvalds alipotoa Linux mwaka 1991, alifuata desturi hiyo ya Unix. Kiwango cha USB kilitoka mwaka 1996, na flashi zikaingia sokoni mwaka 2000. Vifaa vilibadilika, neno likabaki.

Kwa upande wa Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na menyu zikasomeka kwa lugha yetu. Hata hivyo, taarifa zinazotolewa na kiini cha Linux hubaki kwa Kiingereza. Ndiyo maana mtumiaji hukimbilia neno moja tu, "kutambua".

Yafaa tujifunze kutoka Tunduma. Mji huo uko katika Mkoa wa Songwe, uliotengwa na Mbeya mwaka 2016, nao unapakana na Nakonde ya Zambia. Barabara kuu na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, hupita hapo. Na mwaka 2019 kilizinduliwa kituo cha pamoja cha mpakani. Katika kazi za mpaka, kusema kwamba lori limefika si kusema kwamba hati zake zimekaguliwa. Wala kukaguliwa kwa hati si kuruhusiwa kwa mzigo. Wakala wa forodha anayechanganya hatua hizo atapeleka malalamiko yake kwenye dirisha lisilohusika. Kompyuta nayo ina madirisha yake matatu.

Kwanza ni kuonekana. Amri ya lsusb huorodhesha vifaa vilivyochomekwa, na dmesg huonyesha kiini kimesema nini wakati wa kuchomeka. Kifaa kisipoonekana hapo, ichunguzwe tundu, waya au umeme wake.

Pili ni kutambuliwa. Amri ya lsblk -f huonyesha diski, sehemu zake, na mfumo wa mafaili uliomo. Kifaa kinaweza kuonekana bila mfumo wake kusomeka. Mfano ni exFAT, unaotumika katika kadi nyingi kubwa: Linux ilianza kuwa nao ndani ya kiini chake katika toleo la 5.4, mwaka 2019. Kabla ya hapo ilihitajika programu ya ziada. Kadi ya namna hiyo ni nzima. Kinachokosekana ni msomaji wake.

Tatu ni kupachikwa, yaani kuunganishwa kwa mfumo wa mafaili na folda fulani ili yaliyomo yafunguke. Kifaa kilichotambuliwa lakini hakijapachikwa huhitaji amri ya mount tu.

Kwa nini tunapendekeza "kupachika"? Kutafsiri kwa "kupanda" kungempotosha msomaji, na "kuweka" ni neno pana mno. Zaidi ya hayo, kupachika kuna kinyume chake, kupachua, kama vile kuchomeka kulivyo na kuchomoa. Jozi hizi mbili zinafundisha utaratibu mzima: chomeka, pachika, pachua, chomoa. Anayechomoa kabla ya kupachua anaweza kupoteza maandishi ambayo bado hayajafika kwenye flashi.

Kwa hiyo tunawaomba watafsiri wasitumie neno moja kwa hatua tatu. Walimu nao wawafundishe wanafunzi kuuliza kwa mpangilio: Je, kimeonekana? Je, kimetambuliwa? Je, kimepachikwa? Na mtumishi wa serikali asikubali kufomati kifaa chenye kumbukumbu za umma kabla maswali hayo hayajajibiwa. Istilahi iliyopangwa vyema huhifadhi lugha. Hapa itahifadhi na kazi za watu.