Kijiji cha Wafaransa Ukingoni mwa Nairobi

Mpaka wa kwanza wa Nairobi ulichorwa mwaka 1900 kwa kipimo cha maili moja na nusu kutoka ofisi ya mtawala wa mkoa wa Ukamba. Aliyeshika njia ya Kabete alitoka mjini hata kabla ya kuanza kuchoka. Huko mashambani, palipo Lavington na Muthangari leo, mapadri na mabruda wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wamefungua misheni ya St Austin's mwaka 1899, mwaka uleule reli ilipofika Nairobi. Wao kwa wao walizungumza Kifaransa; walipoongea na wenyeji walitumia Kiswahili walichojifunza pwani, ambako shirika lao lilikuwapo tangu 1863. Askofu wao, Emile Allgeyer, alikuwa mtu wa Alsace, jimbo ambalo Ujerumani ililinyakua kutoka Ufaransa mwaka 1871, kwa hiyo mambo ya mipaka hayakuwa mageni kwake. Masimulizi ya mji huwapa watu hawa sentensi mbili kwenye sura ya makanisa, kisha yakaendelea na walowezi wa Kiingereza. Nadhani wamewekwa mahali pasipo pao. St Austin's ni sura ya historia ya ardhi, na ukiiondoa huko utashindwa kueleza jinsi magharibi mwa Nairobi mlivyogawanywa.

Jambo la kwanza la kuuliza ni kwa nini Waingereza waliwakubali. Eneo hili lilikuwa ukingo wa mambo mengi. Kabla ya serikali yoyote, Dagoretti ilikuwa mahali Wakikuyu na Wamaasai walipokutana, mara kwa biashara, mara kwa vita. Upande wa magharibi, Naivasha ilihesabiwa kuwa Uganda hadi tarehe 1 Aprili 1902. Ofisa wa Kiingereza, Lugard, alijenga boma Dagoretti mwaka 1890 baada ya kuapiana udugu na kiongozi wa Kikuyu, Waiyaki wa Hinga. Miaka miwili baadaye Waiyaki alikamatwa, akafia Kibwezi njiani kupelekwa pwani. Lugard huyohuyo, akiwa Mengo, Buganda, Januari 1892, aliwapiga Wakatoliki wa Buganda kwa bunduki za Maxim, na kundi hilo la Wakatoliki liliitwa waziwazi “Wafaransa”. Baada ya damu hiyo, ungetarajia ofisa yeyote wa Kiingereza amfukuze padri wa Kifaransa barabarani. Lakini mapadri wa Buganda walikuwa wa shirika jingine, la Mapadri Weupe, na Mkataba wa Berlin wa 1885 uliwapa wamisionari wa mataifa yote ulinzi katika ukanda mpana uliofika hadi Bahari ya Hindi. Kwa ufupi, Mfaransa wa St Austin's alikuwa mgeni mwenye haki ya kuishi, asiye na dola ya kumfuata nyuma. Na mgeni asiyetishia mtawala hupewa karatasi ya shamba bila shida.

Karatasi hiyo ndiyo kiini cha jambo. Wamisionari walifika wakati wa njaa kubwa ya 1898 na 1899, iliyoandamana na ndui. Jamaa nyingi za Kiambu zilikimbilia kwa ndugu zao upande wa Murang'a, zikaacha mashamba yakiota magugu. Macho ya Kizungu yaliona pori. Kumbe githaka, ardhi ya mbari, haipotezi wenyewe kwa sababu wameondoka misimu miwili. Mtetezi wa misheni atasema kwamba wageni wengi walilipa, kwa mbuzi au kwa rupia, na kwamba kuliita jambo hilo wizi ni kuwaonea. Hoja ina uzito, ila haifiki mbali. Kwa desturi ya Kikuyu, mgeni aliyetoa zawadi kwa mwenye githaka alipata ruhusa ya kulima akiwa muhoi, na mbari ilibaki na ardhi yake. Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1902 haikujua kitu kinachoitwa muhoi. Ilijua hati tu. Tume ya ardhi ya Carter, iliyokusanya ushahidi mwaka 1932 na 1933, ilisikiliza madai ya mbari za Kiambu moja baada ya nyingine, na nyingi hazikurudishiwa udongo wao.

Hati peke yake isingeleta utajiri. Kahawa ndiyo iliyouleta. Mbegu za aina ya Bourbon zilipandwa kwanza kwenye misheni ya Bura, Taita, kisha St Austin's, na kutoka hapo miche ikaenea kwa walowezi hata wakulima wakaiita kwa Kiingereza “French Mission”. Kuna atakayenikumbusha kwamba Waskoti nao walikuwa na kahawa Kibwezi tangu 1893, kabla ya kuhamia Kikuyu. Ni kweli, lakini miche iliyojaza mashamba ya Kiambu ilibeba jina la Wafaransa. Hata aina ya kahawa ya SL34, iliyochaguliwa na maabara ya Scott pale Kabete, inasemekana ilitokana na mti mmoja wa “French Mission” uliokuwa Loresho. Ajabu ni kwamba majani yake machanga yana rangi ya shaba, dalili ya Typica, aina nyingine ya kahawa, na vipimo vya jeni vya karibuni vimeelekea huko. Jina, inaonekana, lilisafiri mbali kuliko damu.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba watu hawa walikuwa wachache mno, na mwaka 1913 uaskofu ulimwendea Mwairishi, John Neville, Kifaransa kikafifia. Nakubali kuhusu lugha. Ardhi haikufifia. Kwenye konde la misheni palikuja Loreto Convent Msongari mwaka 1921, kisha St Mary's mwaka 1939, shule zilizoanza kwa watoto wa Wazungu. Mpaka wa mji ulisogezwa 1928, ukasogezwa tena 1963 na kuimeza Dagoretti. Kwa sehemu kubwa ya wakati huo jirani Mkikuyu aliyechuma kahawa hiyo kwa kibarua alizuiwa kupanda mti wake mwenyewe. Kiambu ilifunguliwa kweli kwa wakulima wa Kiafrika wa kahawa baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954, wakati mashamba ya kahawa upande wa Lavington yalikuwa tayari yakikatwa viwanja vya nyumba.