Mashindano ya roboti ya wanafunzi: namba zinasema nini kuhusu timu ya mwanao?

Mtoto akirudi kutoka kwenye mashindano, swali la kwanza nyumbani ni moja: "Mmekuwa wa ngapi?" Akijibu wa arobaini, wengi wetu tunatikisa kichwa. Kamati ya shule ikikaa kuamua kama klabu ya roboti iendelee kuchangiwa, namba hiyo moja inaweza kuiua. Kabla hatujafika huko, wasikilizaji wetu wa Unyambwa na kata jirani, tuelewane jinsi namba hizo zinavyopatikana.

Mashindano yenyewe yakoje

Mashindano makubwa ya mataifa yanaitwa FIRST Global Challenge. Yalianza Julai 2017 mjini Washington, Marekani, chini ya mvumbuzi Dean Kamen, na kila nchi huwakilishwa na timu moja ya vijana. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizowahi kupeleka vijana wake. Baadaye yalifanyika Mexico City, Dubai, Geneva, Singapore na Athens.

Mwaka ule wa 2017 mada ilikuwa maji safi. Roboti zilikusanya na kutenganisha mipira ya rangi mbili: ya bluu ikiwa mfano wa maji, ya machungwa ikiwa mfano wa uchafu.

Jambo la kushika ni hili: timu haichezi peke yake. Timu tatu huungana dhidi ya nyingine tatu, na mechi inayofuata wenzako hubadilika. Alama zinazoonekana ubaoni ni za muungano mzima. Ni kama kulima kwa maksai: shamba limelimwa, lakini ukiliangalia hujui ng'ombe yupi alivuta zaidi.

Kumjua aliyevuta zaidi

Hapa ndipo takwimu zinaposaidia. Tuchukue mfano wetu wa kubuni wenye timu tatu, Alizeti, Kitunguu na Mtama, zikicheza mbilimbili ili hesabu iwe nyepesi.

- Alizeti na Kitunguu walipata alama 50.
- Alizeti na Mtama walipata 40.
- Kitunguu na Mtama walipata 30.

Ukitafuta wastani wa kawaida, Alizeti ana 45, Kitunguu 40 na Mtama 35. Wanaonekana karibu sawa. Sasa jumlisha mechi zote: 120. Kila timu imehesabiwa mara mbili, kwa hiyo nguvu ya timu zote tatu kwa pamoja ni 60. Toa 30 walizopata Kitunguu na Mtama bila Alizeti, zinabaki 30. Hizo ni za Alizeti. Kwa njia hiyo hiyo Kitunguu anapata 20 na Mtama 10. Kumbe Alizeti anachangia mara tatu ya Mtama, na wastani ulikuwa umelificha hilo.

Timu zikiwa nyingi, kazi hiyo hufanywa na kompyuta. Inatafuta mchango wa kila timu unaokaribiana zaidi na matokeo ya mechi zote. Wenye mashindano haya Marekani na Kanada wamekitumia kipimo hiki tangu miaka ya 2000, na wanakiita OPR.

Mitego mitatu

Wa kwanza ni mechi moja ya bahati. Timu ikipata 10, 12, 11, 9 na 68, wastani wake ni 22, ingawa katika mechi nne kati ya tano haikuzidi 12. Panga namba kuanzia ndogo hadi kubwa, uchukue ya katikati: ni 11. Hiyo ndiyo inayofanana na hali yake ya kila siku.

Wa pili ni kuyumba. Timu moja inapata 20 kila mechi, nyingine inapata 40, 0, 40, 0. Wastani ni ule ule, lakini ya pili roboti yake huenda inakatika waya au kuishiwa betri. Wastani hautakuambia hilo.

Wa tatu ni mechi chache. Mkulima hawezi kuihukumu mbegu kwa msimu mmoja wa mvua mbaya. Timu iliyopangiwa wenzake dhaifu katika mechi chache inaweza kushuka sana kwenye msimamo bila kosa lake. Hata OPR huyumba mechi zikiwa chache, na haimtendei haki anayefungua njia ili mwenzake afunge.

Ndiyo maana timu makini hupeleka wanafunzi jukwaani na karatasi. Wanaandika kila roboti imefanya nini: imebeba mipira mingapi, imesimama mara ngapi. Katika mashindano mengi ya FIRST timu za juu huchagua wenzake wa hatua ya mwisho, na karatasi hizo huwasaidia kumwona mzuri aliyefichwa chini ya msimamo.

Yasiyohesabika

Mwaka 2017 wasichana wa Afghanistan walinyimwa viza ya Marekani mara mbili kabla ya kuruhusiwa. Waliondoka na medali ya fedha ya ujasiri, iliyotolewa na waamuzi, si na ubao wa alama.

Hapa nyumbani pia tumejifunza. Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne, liliacha utaratibu wa kutaja shule bora kitaifa. Shule yenye maabara na umeme wa uhakika na ile isiyo navyo hazianzii mstari mmoja.

Maswali ya kumuuliza mwanao

Badala ya "mmekuwa wa ngapi" peke yake, ongeza haya:

- Roboti yenu yenyewe ilipata alama ngapi kila mechi?
- Ilisimama mara ngapi, na kwa nini?
- Ukilinganisha na mwaka jana, mmepanda au mmeshuka?

Daftari na kikokotoo cha simu yako vinatosha kuyafanyia hesabu. Nenda navyo kwenye kikao cha kamati. Kama roboti ilisimama mara sita mwaka jana na mara moja mwaka huu, watoto wamejifunza kitu, hata wakiwa wa arobaini.