Unataka Kupiga Picha za Harusi Eldy? Anzia Hapa

Tangu Eldoret ipewe hadhi ya jiji Agosti 15, 2024, jina limepanda lakini Jumamosi ni zile zile: Agosti na Disemba shule zikifungwa, kuna harusi ama koito kila upande, Elgon View mpaka Langas. Kazi iko. Swali ni kama wewe uko tayari.

Anza kwa kubeba begi

Usikimbilie harusi ya kwanza pekee yako. Bibi harusi hawezi rudia kuingia kanisani juu flashi yako imekataa. Tafuta msee ameshika kazi hapa tao, umbebee begi, umshikie taa, kisha uwe wa pili kupiga. Angalia vile anaongea na padre, MC na mashangazi. Hiyo YouTube haifunzi.

Vifaa

Kamera ya memori kadi mbili ndiyo dawa: moja ikizima, ingine iko na kila kitu. Lenzi ya 50mm f/1.8 si ghali na inaona poa kanisa likiwa na giza. Ongeza flashi, betri za ziada na mwavuli, juu mvua ya mchana huku haibishi hodi. Kama hauna ganji, kodisha. Loni ya kamera kabla ya wateja ni noma.

Piga RAW. Gauni jeupe kwa jua la saa saba likichomeka, halirudi. Pima mwanga kwa gauni, nyuso utazivuta baadaye kwa laptopu.

Heshimu koito

Koito hufanyika kwao msichana, familia mbili zikiongea mahari. Uliza mapema kama mazungumzo ya wazee yanapigwa picha. Na mursik ikimiminwa, usipatikane ukibadilisha lenzi.

Mkataba

Hapa ndipo wengi huchomeka. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema kazi ikiagizwa, hakimiliki inahesabiwa imeenda kwa aliyeagiza, isipokuwa mkubaliane vingine. Kwa hivyo kama unataka picha zikutangaze Instagram, iandikwe na wasaini.

Watoto nao, pata idhini ya wazazi. Mwaka wa 2023, ofisi ya kamishna wa data ilipiga shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila idhini.

Andika pia masaa, idadi ya picha, siku ya kuzitoa na diposti. Nusu iingie M-Pesa kabla ya kufunga tarehe, balansi kabla ya kutoa picha. Hata kama ni kazi ya kaza yako.

Unafikiria droni? Lazima isajiliwe na KCAA, na usiirushe karibu na uwanja wa ndege bila ruhusa.

Usiku wa harusi

Kabla ulale, nakili picha mahali pawili tofauti. Usifute kadi mpaka wenyewe washike zao mkononi.